Vistari Pembeni mwa Daftari la Mvua

1 Machi. Mvua: 0.0

Daktari ameniambia niandike. "Tarehe tu, siyo hadithi," alisema. Lakini mimi nikishika kalamu huwa siishii kwenye tarehe, na daftari hili ni langu, si lake.

Kazi yangu ni kupima mvua. Kila siku saa tatu kamili asubuhi nashuka ngazi ishirini na mbili nyuma ya ofisi mpaka kwenye kiwanja cha nyasi, namimina maji ya kipimamvua kwenye chupa yenye mistari, nasoma, napanda, naandika. Ofisi ni vyumba viwili, ghala moja na watu wawili: mimi na mzee mmoja ambaye kila mtu anamwita Desimali, kwa sababu ukimwambia imenyesha milimita kumi na mbili atakuuliza, "Kumi na mbili na ngapi?"

Watu wanasema nina miaka sita kwenye ndoa na sijawahi kupata mtoto. Hesabu yao ina makosa. Nimeshika mimba nne. Kushika si shida yangu, shida ni kufika nayo. Ya nne ilitoka mwezi wa kumi na moja, na safari hii mume wangu alinishika mkono akanipeleka hospitali kubwa. Mara zote tatu za mwanzo nilikwenda zahanati tofauti, ili nisikutane na mtu aliyewahi kunionea huruma.

Mwezi wa kumi na mbili daktari alinitoa damu. Tarehe nne anaitoa tena. Anasema kipimo hicho hakiaminiki mpaka kirudiwe baada ya wiki kumi na mbili. Hilo nililielewa upesi kuliko alivyotegemea. Hata mimi siku moja ya mvua siiti msimu.

2 Machi. Mvua: 0.0

Joto. Desimali amechonga penseli sita, zote urefu mmoja.

4 Machi. Mvua: 0.0

Daktari ni mwanamke mfupi mwenye kucha fupi, anaongea polepole kama anayekusomea namba ya simu.

"Mimba ya kwanza ilitoka ikiwa na wiki ngapi?"

"Mapema."

"Na ya pili?"

"Mapema pia."

"Mapema si tarehe," akasema. Hakunikaripia. Alinieleza kwamba mimba inayotoka wiki ya tano ina maswali yake, na inayotoka wiki ya kumi, moyo umeshaanza kudunda, ina maswali mengine, naye anataka kujua aulize yapi.

Niliona haya. Mvua naiandika mpaka sehemu ya kumi ya milimita, na watoto wangu sikuwaandika popote. Vyeti vya zahanati nilivichana vyote. Mume wangu alikuwa pembeni anakunja na kukunjua kofia yake. Ni fundi makochi, mikono yake haijui kukaa bure. Akajitahidi kusaidia: "Ya pili ilikuwa wakati natengeneza vile viti vya ukumbini." Daktari akamshukuru, lakini sikuona akiandika kitu.

5 Machi. Mvua: 0.0

Nimezipata tarehe.

Desimali alipokwenda posta na ripoti ya mwezi, nilifungua kabati la madaftari ya zamani. Kuna jambo sijamwambia mtu. Tangu nianze kazi hapa, kila mwezi siku zangu zikianza naweka kistari kidogo cha penseli pembeni kabisa mwa ukurasa, mbele ya tarehe hiyo. Ni kosa. Siku yangu ya kwanza kazini Desimali aliniambia kwamba daftari la mvua haliandikwi kitu ambacho si hali ya hewa. Lakini ndicho kitabu pekee ninachokifungua kila siku bila kukosa.

Vistari vipo. Vinakwenda vizuri mwezi hadi mwezi, halafu vinakoma. Wiki kadhaa baadaye mwandiko unabadilika, zinaingia zile herufi za Desimali zilizosimama wima, siku mbili au tatu, na kwenye safu ya maoni ameandika: "Mpimaji hayupo." Mara nne. Ndizo siku nilizokuwa nimelazwa.

Nikahesabu kutoka kila kistari cha mwisho. Wiki kumi na siku moja. Wiki tisa na siku nne. Wiki kumi na siku sita. Wiki kumi kamili.

Miaka yote nilidhani ni misiba minne. Ya kwanza nilibeba ndoo. Ya pili niligombana na mume wangu. Ya tatu niliteleza kwenye ngazi za kazini. Ya nne sikumbuki nilijilaumu kwa lipi, lakini la kujilaumu sikulikosa. Kumbe ni jambo moja limekuja mara nne, karibu wiki ileile. Nililia kidogo, halafu nikayarudisha madaftari kabatini kwa mpangilio wa miaka, maana mzee angejua yameguswa.

9 Machi. Mvua: 4.6

Ya kwanza. "Nne na sita," Desimali akarudia, ameridhika kabisa.

10 Machi. Mvua: 0.0

Kistari.

16 Machi. Mvua: 18.3

Daktari ameisoma karatasi yangu ya tarehe mara mbili, akaniuliza nimezitoa wapi. Nikasema kwenye mvua. Akangoja nieleze, nikaeleza. Hakucheka.

Damu ya pili imesema kama ya kwanza. Jina la ugonjwa ni refu na silipendi, kwa hiyo halitaingia humu. Maana yake ni kwamba mwili wangu unatengeneza walinzi wanaokosea adui. Wanaifanya damu yangu igande upesi kuliko inavyotakiwa. Mimba ikifika wiki ya tisa au ya kumi, kondo la nyuma halifanyi kazi yake sawasawa, damu haipiti humo inavyopaswa, na mtoto anakosa cha kumkuza.

"Kwa hiyo siyo ndoo," nikasema.

"Ndoo ipi?"

"Niliyobeba."

Akaweka kalamu chini. "Siyo ndoo. Siyo kazi, siyo ugomvi, siyo chakula. Hukufanya kitu."

Nikaitikia kwa kichwa. Kuelewa nilielewa. Kuamini ni kazi nyingine.

Dawa ni mbili. Kidonge kidogo kila siku kuanzia sasa. Na siku kipimo kikionyesha mimba, sindano ya kuzuia damu kuganda, kila siku, chini ya ngozi ya tumbo. Mume wangu akauliza kama inawasaidia wote. "Si wote," daktari akasema. "Wanaotibiwa wakiwa kumi, saba au wanane hupata mtoto." Njiani Fundi, mume wangu, akawa anapiga hesabu yake mwenyewe. "Ukumbi wa viti kumi, wanane wamekaa," akaniambia. "Huo mkutano unaanza."

22 Machi. Mvua: 11.7

Mama mkwe wangu amekuja kukaa nasi. Ni kiguu na njia, na akifika huja na masharti. Nisipande ngazi. Nisishuke ngazi. Nisinyooshe mikono juu kuanika nguo, hilo amelirudia mara tatu. Mwanawe akamwambia, "Mama, ni ugonjwa wa damu." Akajibu, "Najua ni damu, mwanangu. Na damu inatikisika."

Zamani maneno haya yalikuwa yananichoma. Lakini mimba ya tatu ilipotoka ni yeye aliyefua shuka zangu kwa mikono yake, na hakumwambia mtu hata mmoja. Namwacha aseme.

30 Machi. Mvua: 22.0

Hakuna la kuandika. Viatu havikauki.

7 Aprili. Mvua: 9.8

Leo ilikuwa siku ya kistari. Sikuweka.

9 Aprili. Mvua: 14.4

Kipimo kimesema ndiyo. Hakuna aliyeruka. Mume wangu alikishika dirishani akakitazama mpaka nikamwambia hakitabadilika.

Jioni tukaanza sindano. Muuguzi alimfundisha Fundi jana na juzi kwenye kipande cha sponji, na sponji ndiyo biashara yake, kwa hiyo alifaulu. Mtu huyu kutwa nzima anachoma ngozi ngumu kwa sindano ndefu kama shubiri. Mbele ya tumbo langu akapangusa ngozi kwa pamba mara tatu, sindano bado ina kifuniko.

"Kochi halisemi 'aa'," akajitetea.

"Sijasema 'aa'."

"Lakini unaweza."

Akachoma. Sikusema "aa". Inawasha zaidi kuliko inavyouma. Tutafanya hivi kila siku saa moja jioni.

14 Aprili. Mvua: 8.5

Desimali ameniambia kwamba goti lake linahitaji mazoezi, kwa hiyo kwa muda atakuwa anasoma mvua yeye, mimi nibaki na kuandika. Nilishangaa, kwa sababu goti lile likipanda ngazi linalia kama bawaba. Lakini sikubisha. Nilishukuru kimoyomoyo. Kuhusu mimba sijamwambia.

20 Aprili. Mvua: 3.1

Nilidhani imenyesha zaidi. Tumbo lina madoa ya bluu ya sindano, sita upande huu, sita upande ule. Fundi anayapanga kwa mstari.

2 Mei. Mvua: 5.0

Tumeona moyo kwenye kioo cha mashine ya hospitali. Unadunda. Nimeshauona mara mbili huko nyuma, kwa hiyo nilijizuia. Mume wangu hakujizuia, aliomba kuonyeshwa tena.

12 Mei. Mvua: 2.7

Wiki tisa leo. Nyumbani kila mtu ananyata. Mama mkwe ananinyang'anya hata kikombe.

17 Mei. Mvua: haijulikani

Usiku imenyesha hasa. Beseni nililoliacha nje nimelikuta limefurika. Saa tatu Desimali akaingia akipangusa miguu. "Sita na mbili."

Nikaandika. Mkono uliandika, kichwa kilikataa. Baadaye simu ikalia, ni mpimaji wa kituo jirani, anauliza tuna tatizo gani huku. Wao wamepata arobaini na moja. Nikarudi kwenye daftari, nikashuka na kidole tarehe baada ya tarehe. Tangu tarehe kumi na nne Aprili mvua yetu imekonda, nusu, robo, wakati mbingu ni zilezile.

Desimali alikuwa ghalani. Nikatoka nikaanza kushuka ngazi. Zilikuwa na utelezi. Kwenye ya tisa nikasimama, nikashika ukuta kwa mikono yote miwili, na nikawaza: wiki tisa na siku tano. Nilisimama pale muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Halafu nikashuka zilizobaki.

Kipimamvua hakikuwepo. Palikuwa na duara la nyasi zilizofifia.

Nilikikuta juu, nyuma ya ghala, kimejificha chini ya ukuta ambako mvua ya upepo haifiki. Kimesimikwa wima kabisa, na pimamaji ya mwashi bado ipo kando yake juu ya tofali. Hata anapokosea, mzee huyu anakosea kwa unyoofu.

"Mzee, kipimamvua kimehama."

"Ndiyo."

"Nani kakihamisha?"

"Mimi." Alikuwa amekaa juu ya boksi, ameshika goti. "Goti haliziwezi ngazi kila siku. Na wewe sikutaka uzishuke."

"Ulijuaje?"

Akatazama mlango. "Tarehe saba kistari hakikuwepo. Miaka sita nakiona, binti. Nina mabinti watatu, si mgeni wa mambo hayo. Kukifuta ilikuwa kazi yangu, sikukifuta. Mara nne vimekoma, mara nne nimeandika mpimaji hayupo. Ile ya tatu ulikuwa umeteleza kwenye ngazi hizo, nilikuona kwa macho yangu. Nikasema safari hii siandiki."

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. "Si ngazi, mzee. Si ngazi, si ndoo, si kuteleza. Damu yangu inaganda. Ina dawa, nachomwa kila siku. Umeharibu mwezi mzima wa mvua kwa ajili ya ngazi zisizo na kosa."

Hapo nikajisikia mwenyewe. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyasema maneno hayo kwa mdomo wangu, bila daktari kuwepo. Na robo saa tu kabla nilikuwa nimeganda kwenye ngazi ya tisa nimekumbatia ukuta. Nikaketi kwenye boksi la pili. Tukakaa hivyo, wajinga wawili wenye daftari safi.

18 Mei. Mvua: 12.9

Jana mchana mume wangu alikuja kukirudisha kipimamvua mahali pake, Desimali akimsimamia kutoka juu ya ngazi na kumpigia kelele za "kushoto kidogo".

Mzee anastaafu mwisho wa mwezi wa sita. Miaka thelathini na moja, hana mstari hata mmoja uliosahihishwa. Nilimwambia taratibu kwamba mvua imeshapita, tunaweza kuiacha. Alinitazama kama nimemtukana. Akachukua kalamu nyekundu, akaandika kwenye safu ya maoni: "Vipimo vya tarehe 14 Aprili hadi 17 Mei si sahihi. Kipimamvua kiliondolewa mahali pake. Nilikiondoa mimi." Akatia sahihi, akatengeneza nakala ya makao makuu, akaipeleka posta mwenyewe akichechemea. Nimefanya naye kazi miaka sita nikimwona mtu wa penseli tu.

20 Mei. Mvua: sikuwepo

Asubuhi nimeona damu. Kidogo, lakini ni damu. Wiki kumi na siku moja.

Sikupiga kelele. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikamwita mume wangu kwa jina lake la utotoni, ndipo akajua. Mama mkwe akasimama mlangoni. "Ulishuka ngazi?" akauliza. Nikasema nilishuka. Akajifunga kanga ya pili, akatangulia nje. Yote niliyomwambia Desimali siku ile ghalani yalinitoka. Njia nzima niliwaza ngazi, moja moja, zote ishirini na mbili.

Tulingoja kwenye benchi. Daktari akapaka mafuta ya baridi, akatafuta, na sisi watatu tukatazama mgongo wa kioo. Akakigeuza kioo kituelekee. Moyo unadunda. Mtoto alikuwa anatupa mkono, kama anayefukuza nzi.

"Damu kidogo hutokea," daktari akasema. "Mlifanya vizuri kuja. Sindano iendelee kama kawaida."

Mama mkwe akasogea. "Daktari, alishuka ngazi."

"Ngazi hazihusiki, mama."

"Na kuanika nguo? Kunyoosha mikono?"

"Hata nguo."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Mama akarudi nyuma akakaa. Tukarudi nyumbani. Nilikuwa nimelala, akaja akakaa miguuni pangu, akaanza kukunja shuka ambayo ilikuwa imeshakunjwa. "Kabla ya mumeo walitangulia wawili," akasema. "Wa pili alitoka siku niliyoanika mablanketi. Mama mkwe wangu aliniambia nimemuua mjukuu wake kwa mikono. Miaka thelathini na minane, mwanangu. Kila nikianika blanketi namwomba msamaha."

Nilimshika mkono. Nilidhani masharti yake yote yalikuwa yananishtaki mimi. Alikuwa ananikinga na kile alichoambiwa yeye. Tukalia wote wawili, yeye zaidi, kwa sababu machozi yake yalikuwa ya zamani.

22 Mei. Mvua: 7.3

Damu imekata. Nimerudi kazini. Desimali alishuka ngazi mwenyewe siku zote mbili, goti na yote. Safu ya maoni ameiacha wazi, hakuandika kwamba mpimaji hayupo. Kwake yeye, kuacha wazi ni kosa.

26 Mei. Mvua: 1.8

Wiki kumi na moja. Sijawahi kufika hapa. Sijui huku kukoje.

27 Mei. Mvua: 0.0

Kama jana.

1 Juni. Mvua: 2.2

Barua ya makao makuu imefika. Wanamwonya Desimali kwa maandishi na wanamshukuru kwa ukweli wake, kwenye sentensi moja. Ameibana ndani ya daftari kwenye tarehe yake. Mama mkwe ameanika mablanketi yote ya nyumba, nami nikasaidia, mikono juu.

8 Juni. Mvua: sikuwepo

Kliniki. Wiki kumi na mbili na siku sita. Mtoto amelala chali, mguu juu ya mguu. Daktari amepima kila kitu taratibu, akasema urefu ni sawa na tarehe. Nikamuuliza kama sasa tumefika. Akasema bado, njia ni ndefu, sindano zinaendelea mpaka karibu na kuzaa, na ataniangalia kwa karibu. Nilipenda kwamba hakunidanganya. Akaongeza kwamba ile wiki iliyokuwa inatushinda tumeipita. Mume wangu akatoka kwenda kunawa uso, akakaa huko kitambo.

9 Juni. Mvua: 3.2

Wiki kumi na tatu. Nimefika kazini kabla ya saa tatu. Desimali hakuwepo, amekwenda posta, au amejidai kwenda posta. Daftari liko wazi mezani, penseli imelazwa katikati. Nikasoma mstari wa jana, zile herufi zake zilizosimama wima. Tarehe 8. Saa tatu kamili. Milimita 0.4. Halafu safu ya maoni, ambayo aliniambia haiandikwi kitu ambacho si hali ya hewa:

"Wapimaji wawili hawapo."

Nikaisoma mara nyingi. Kifutio kilikuwa palepale pembeni, nacho nikakitia kwenye droo. Nikachukua chupa ya kupimia, nikashuka ngazi zote ishirini na mbili bila kushika ukuta, nikasoma, nikapanda. Tatu na mbili. Nimeiandika kwa mkono wangu.